Jeli au lithiamu? Betri ya sola kwa nyumba ya visiwani Lamu

Anayejenga kwenye visiwa vya Lamu, mahali ambapo nguzo ya stima haijafika, akiingia dukani kutafuta sola huulizwa kwanza anataka paneli ya wati ngapi. Swali hilo lingeweza kungoja. Paneli zimeshuka bei sana, na paneli nzuri hukaa juani miaka 25 ikiwa bado inatoa asilimia 80 au zaidi ya nguvu zake. Pesa huzama kwenye betri. Siku ya kununua, betri za jeli na betri ya lithiamu hukaribiana bei. Baada ya miaka mitatu, mmoja bado ana stima na mwingine yuko Mokowe, gati ya upande wa bara, anangoja boti na mzigo wa betri mpya.

Hapa tunalinganisha betri za risasi (za jeli na zile za kuongezwa maji) na lithiamu ya aina inayoandikwa LiFePO4 kwenye kasha. Hiyo ndiyo lithiamu ya kuwekwa ndani ya nyumba. Betri zilizoungwa kwa seli za kompyuta kuukuu ni jambo jingine, na chini ya paa la makuti tusingezikaribia.

Nyumba ya mfano

Bila hesabu ya matumizi, ulinganisho wote ni porojo. Chukua nyumba ya familia yenye taa 6 za wati 7 zinazowaka saa 5 (wati-saa 210), feni 2 za wati 30 zinazozunguka saa 9 za usiku (540), televisheni ya inchi 32 ya wati 45 kwa saa 4 (180), simu 4 (60), ruta ya wati 10 kwa saa 12 (120), na friji ndogo ya kisasa inayokula kama 700 kwa siku. Jumla ni 1,810.

Kisha kuna mlaji ambaye hatajwi dukani: inverta yenyewe. Ikiwashwa tu bila kuendesha kitu, inverta ya kilowati 2 au 3 hula wati 15 hadi 40. Kwa wati 15 mchana na usiku, hizo ni wati-saa 360, mara mbili ya televisheni. Jumla sasa ni 2,170, yaani uniti 2.2 kwa siku (uniti moja ni wati-saa 1,000). Kati ya hizo, takriban 1.6 hutumika baada ya magharibi, na hicho ndicho kiasi ambacho betri lazima ikitoe kila usiku.

Tazama feni kwa makini. Zile mbili za wati 30 ni za mota isiyo na brashi. Ukifunga feni za kawaida za dari, wati 70 kila moja, matumizi ya usiku yanaruka kutoka 540 hadi 1,260. Tofauti ya bei ya feni mbili ni ndogo kuliko bei ya betri itakayohitajika kuzilisha, na Lamu mwezi wa Machi hakuna anayelala bila feni. Pasi, birika na heta ya kuoga tumeziacha nje kwa makusudi.

Betri mbili, usiku mmoja

Kwa nyumba hiyo chaguo ni hizi: betri 2 za jeli za volti 12, Ah (ampea-saa) 200, zilizofuatanishwa kuwa volti 24, au betri 1 ya lithiamu ya volti 25.6, Ah 100. Kwenye karatasi jeli ni kubwa karibu mara mbili. Katika kazi ziko sawa, maana ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, na lithiamu huvumilia kutumiwa asilimia 80 hadi 90.

Bei zilizo kwenye jedwali ni za kufanyia hesabu. Weka za duka lako siku utakayonunua. Njia ya kukokotoa haibadiliki. Mzunguko mmoja ni kujaza betri na kuitumia mara moja, yaani usiku mmoja wa uniti 1.6.

| | Jeli 2 × 12V 200Ah | Lithiamu 25.6V 100Ah |
|---|---|---|
| Iliyomo | uniti 4.8 | uniti 2.56 |
| Ya kutumia | uniti 2.4 | uniti 2.0 hadi 2.3 |
| Uzito | kilo 115 hadi 130 | kilo 20 hadi 25 |
| Bei ya mfano | Sh 64,000 | Sh 75,000 |
| Mizunguko kwa joto la Lamu | kama 900 | 3,000 au zaidi |
| Itakayotoa maishani | uniti 1,440 | uniti 4,800 |
| Gharama ya betri kwa uniti | Sh 44 | Sh 16 |

Mstari wa mwisho ndio wenye kesi. Mfumo mzima wa mfano, yaani paneli 2 za wati 450, inverta yenye chaja ndani, nondo za kufungia, waya, breka, fundi na usafiri, unafika Sh 180,000 kwa jeli na Sh 188,000 kwa lithiamu. Tofauti ni Sh 8,000, ndogo kuliko ya betri zenyewe kwa kuwa lithiamu ni nyepesi kusafirisha. Ndani ya miaka minane, mwenye jeli atanunua seti tatu nyingine, Sh 64,000 kila moja, na kila seti italipiwa boti na punda upya. Atapunguza maumivu kidogo kwa kuuza mbovu kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa risasi ina soko. Lithiamu iliyokufa bado haina mnunuzi wa aina hiyo.

Kwa nini mizunguko 900 tu, na kasha limeandikwa 1,500? Kasha linapimwa kwenye nyuzi 25. Kila joto la betri ya risasi likizidi hapo kwa nyuzi 8 hadi 10, umri wake hupungua nusu. Chumba cha Lamu kina nyuzi 30 hadi 32 karibu mwaka mzima, na usiku hakipoi vya kutosha kuipumzisha. Lithiamu nayo haipendi joto, lakini haiadhibiwi kwa ukali huo. Hatari yake ni nyingine: kinga yake ya ndani hukataa kuchaji joto la seli likikaribia nyuzi 55 au 60. Ukiitundika juu kabisa, chini ya mabati, saa nane mchana jua likiwa kali itagoma kupokea, na utamlaumu fundi bure.

Basi mahali pa kuweka betri ni sehemu ya bei yake. Nyumba ya mawe ya matumbawe yenye kuta nene ina vyumba vya ndani vinavyobaki na ubaridi. Hapo ndipo pake, juu ya ubao, sentimita 30 kutoka chini kwa ajili ya unyevu wa chumvi unaopanda ukutani. Nyumba ya mabati iwe na kijistoo upande wa kusini wenye matundu ya hewa. Weka wavu mwembamba kwenye matundu ya inverta: mijusi na sisimizi hupenda joto lake, na mjusi mmoja akilala kwenye ubao wa umeme anatosha kuunguza kifaa cha Sh 45,000.

Mwezi wa Juni

Wastani wa mwaka wa jua la Lamu ni mtamu na unadanganya. Mfumo upimwe kwa Mei na Juni, mvua za masika na mawingu ya kusi, ambapo tunahesabu saa 4.5 za jua kamili kwa siku. Paneli za wati 900, ukitoa asilimia 25 inayopotea kwa joto, vumbi, waya na inverta, hutoa wati-saa 3,000 hivi kwa siku kama hiyo. Nyumba inatumia 2,170. Ziada hiyo ndiyo inayojaza betri baada ya siku mbili za mawingu mazito.

Hapa tofauti ya betri hizi huonekana waziwazi. Betri ya risasi humeza haraka mpaka asilimia 80, kisha sehemu ya mwisho huchukua saa 3 au 4 za volti ya juu. Siku za Juni hazitoi saa hizo. Inalala haijajaa, kesho tena haijajaa, na salfeti inagandamana kwenye sahani zake. Ikifika Agosti jua limerudi lakini betri imepungua, na haitarudi ilivyokuwa. Lithiamu haijali kubaki nusu hata wiki tatu.

Mwenye jenereta ya akiba aone jambo hilo hilo kwa mlango wa petroli. Lithiamu ya Ah 100 inaweza kupokea ampea 50 mfululizo karibu hadi ijae: saa moja na nusu ya jenereta inaingiza uniti 1.9. Jeli itapokea vizuri mwanzoni, halafu utaendesha jenereta saa tatu nyingine kwa ajili ya vijiampea vichache.

Na jenereta peke yake, bila betri? Ikibeba mzigo wa kutosha hutoa uniti 1.3 hivi kwa lita. Petroli ikiwa Sh 190, hiyo ni Sh 146 kwa uniti kabla ya oili na plagi. Lakini nyumba haibebeshi jenereta mzigo wa kutosha. Kwa taa na televisheni, wati 100, bado itakunywa karibu lita 0.4 kwa saa, na uniti moja inafika Sh 760. Jenereta ni chaja nzuri ya dharura, ila kuikesheza kwa ajili ya taa ni kuunguza noti.

Pale jeli inaposhinda

Hatusemi kila nyumba ichukue lithiamu. Nyumba inayofunguliwa siku chache kwa mwezi haizungushi betri mara 3,000 hata katika miaka 40. Jeli iliyokaa imejaa chini ya paneli itafaa, mradi mwenyewe akubali kwamba joto litaimaliza baada ya miaka minne au mitano hata asipoitumia. Urahisi wa kuibadilisha nao una thamani. Betri ya risasi ikifa ghafla, nyingine hupatikana Malindi, mara nyingine Mokowe penyewe, na fundi yeyote anaijua. Lithiamu ikiharibika ubao wa kinga, mara nyingi hurudishwa kwa muuzaji Mombasa au Nairobi, na haisafiri kwa ndege ya abiria kutoka uwanja wa Manda. Itapita barabara na bahari. Kwa hiyo dhamana ya lithiamu iwe na maandishi yanayosema nani analipa usafiri wa kwenda na kurudi.

Za kuongezwa maji ni rahisi zaidi na hufanya kazi, lakini zinataka mtu wa kuzitazama kila mwezi. Maji yawe yale yaliyosafishwa ya dukani. Ya kisima yana chumvi, na hata ya jabia, matamu kwa kunywa, yamepita juu ya chokaa. Zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka, hivyo zisiwe jikoni wala chumba cha kulala.

Kosa la kontrola

Hili hutokea mara nyingi kuliko yote, na mwenye nyumba haligundui. Anauziwa paneli kubwa ya wati 450 kwa bei nzuri, anaongezewa kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri) ya bei ya chini ya PWM na betri ya volti 12. Paneli hiyo hufanya kazi kwa volti 41 na ampea 11. Kontrola ya PWM haibadilishi volti. Inaishusha paneli hadi volti za betri na kupitisha ampea zile zile. Ampea 11 kwa volti 13 ni wati 143. Amelipia 450. Kontrola ya MPPT ingebadilisha volti za ziada kuwa ampea na kumpa karibu zote. PWM ina mahali pake: paneli ndogo za volti 18 juu ya betri ya volti 12, taa na simu, basi.

Upande wa MPPT nao una mtego. Soma volti ya juu inayopokelewa. Paneli mbili za namna hii zikifuatanishwa hufika volti 99 zikiwa hazina mzigo, na kontrola ya mwisho volti 100 inakaa ukingoni. Chukua ya 150, au ziunge sambamba. Inverta nyingi mpya zenye chaja ndani zina kosa la upande wa pili: haziamki chini ya volti 120. Ukiwa na paneli mbili tu, jua litachomoza na kuchwa na mashine imelala. Ama paneli ya tatu, ama inverta inayoanza volti 30 au 60. Hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Waya, chumvi na paa

Volti ndogo hutaka waya mnene. Mita 10 kutoka paneli hadi betri ya volti 12, ampea 10, kwa waya wa milimita mraba 2.5 hupoteza volti 1.4, zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa waya wa 6 hupotea 0.6. Ndiyo sababu nyumba yenye friji ianze na volti 24. Kati ya betri na inverta ya kilowati 3, waya usipungue milimita mraba 35, mfupi kadiri iwezekanavyo, na fyuzi ya ampea 150 iwe karibu na ncha ya betri. Breka upande wa paneli na betri ziwe za mkondo mnyoofu (DC). Breka ya kawaida ya nyumba ikikata mkondo huo, cheche haizimiki. Inaendelea kuwaka ndani mpaka plastiki iyeyuke.

Ukiwa karibu na pwani, bolti ziwe za chuma cha pua cha daraja 316, na kati ya bolti na fremu ya alumini kuwe na washa ya plastiki, maana metali mbili zikikutana kwenye unyevu wa chumvi moja huliwa. Maungio ya waya za paneli yawe ya chapa moja pande zote mbili. Yanayoingiana kwa nguvu huacha upenyo, chumvi huingia, hupata moto.

Juu ya makuti usifunge paneli. Paa linabadilishwa kila baada ya miaka michache, na ungio lililopata moto juu ya majani makavu halikupi muda wa kuteka maji. Simamisha nguzo uani, au tumia dari bapa ya nyumba ya mawe, inamisho la nyuzi 10 likitazama kaskazini. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo upande hauna uzito sana; inamisho ni la kuwezesha mvua kuosha vumbi na mavi ya ndege. Kiangazi cha kaskazi, pitisha kitambaa chenye maji baridi alfajiri kila wiki mbili. Ndani ya Mji wa Kale, ulio katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, pitia kwanza ofisi ya hifadhi ya Makumbusho kabla ya kufunga chochote kinachoonekana juu ya paa.

Wasiohitaji yote haya

Chumba kimoja, au kambi ya wavuvi Kiwayu yenye taa 3, redio na simu, kinatoshwa na kifaa kidogo cha sola kinacholipiwa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Betri yake ni lithiamu, hakihitaji fundi, kinahamishika. Fanya hesabu kabla ya kutia sahihi: kianzio cha Sh 3,000 na Sh 50 kila siku kwa siku 450 ni Sh 25,500, na kwa pesa taslimu hizo ungeweza kununua paneli ya wati 100, kontrola na betri ndogo ya lithiamu, ukaongeza taa upendavyo. Kingine ni msimu. Kifaa hujifunga malipo yakikatika, na mvuvi hukatikiwa na kipato kusi linapochafua bahari, miezi ile ile yenye jua dogo. Anayelipia kwa mkopo alipe mbele wakati wa kaskazi.

Siku ya kukabidhiwa

Fundi awe na leseni ya sola ya EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya. Zipo za madaraja T1, T2 na T3, na daraja lake liendane na ukubwa wa mfumo wako. Betri ipimwe kwa mizani ikiwa bado gatini. Jeli ya Ah 200 yenye kilo 40 si Ah 200. Lithiamu ya volti 25.6 na Ah 100 yenye kilo 13 imeibiwa seli.

Kisha mwambie akuonyeshe mipangilio ya chaja. Kwa jeli: volti 28.2 hadi 28.4, ikielea (float, yaani ikishajaa) 27.2 hadi 27.6, na kihisi cha joto kikiwa kimegusishwa na betri, kwa kuwa kwenye nyuzi 35 volti hizo zinapaswa kupungua kwa kama 0.5. Kwa lithiamu: 28.4, ikielea 27, kihisi cha joto kimezimwa, na ile chaji ya kusawazisha imezimwa kabisa. Inverta ijikate yenyewe kwenye volti 24.5 kabla kinga ya betri haijakata. Kinga ikitangulia, kontrola hubaki bila betri huku jua likiwaka, na volti zinazoruka zinaweza kuiua.

Mwisho, jaza betri mpaka juu, zima paneli, washa mzigo wa wati 200 na utazame saa. Lithiamu yenye Ah 100 za kweli itakwenda saa 10 au 11. Ikizimika baada ya saa 6, salio la malipo libaki mfukoni mwako mpaka iletwe nyingine. Jeli usiipime hivyo hadi izimike. Iendeshe saa 10, izime, iache nusu saa ipumzike, kisha pima: kila betri isipungue volti 12.2.